Devota Hafichwi Tena

"Devota!"

"Abee, mama!"

"Unafanya nini?"

"Naosha vyombo, mama."

Apolonia alirudi kupepeta mchele wake. Alipepeta kidogo, akainua tena kichwa.

"Devota!"

"Abee!"

Ndivyo ilivyokuwa kila siku katika nyumba hiyo ya Lupiro. Mama akiwa huku na binti akiwa kule, ilikuwa ni kuitana tu. Majirani walidhani Apolonia ni mkali. Wengine walisema anamtumikisha binti yake kama punda. Hawakujua. Apolonia hakuita ili amtume mtoto. Aliita ili asikie jibu. Jibu likikosekana, alitupa alichoshika akakimbia.

Devota alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mrefu, mcheshi, mwepesi wa kusuka ukili wa mikeka. Alianza kuanguka akiwa darasa la tano. Anakuwa amesimama vizuri, mara macho yanatazama mbali. Anapiga ukelele mmoja, anaanguka. Mwili unakakamaa, kisha unatikisika wote. Povu linamtoka mdomoni. Baadaye analala kama mtu aliyelima kutwa, na akiamka hakumbuki kitu.

Baba yake, Polikarpo, alikuwa mkulima wa mpunga. Yeye na mkewe walihangaika sana kwa waganga. Wa kwanza alisema ni pepo wa mtoni. Wa pili alimchanja chale kichwani. Wa tatu alimkataza kuku na kambale. Devota akaacha kuku, akaacha kambale, na bado akaanguka.

Siku alipoanguka darasani, watoto walikimbia, wengine wakapitia madirishani. Kesho yake Polikarpo alisema, "Basi. Abaki nyumbani. Sitaki mwanangu awe sinema."

Walimu waliambiwa ni degedege la malaria, na tangu siku hiyo Devota hakwenda shule. Hakwenda sokoni. Jumapili wenzake walikwenda misa, yeye alibaki ndani. Watu wakiuliza, Apolonia alijibu, "Kichwa kinamuuma leo." Jibu hilo alilitoa kwa miaka mingi, hadi watu wakaacha kuuliza.

Asubuhi moja ya kiangazi Apolonia alikuwa nyuma ya nyumba, anatwanga. Devota alikuwa jikoni, anachochea moto wa maharage.

"Devota!"

Kimya.

"Devota!"

Apolonia aliangusha mchi akakimbia. Alipofika mlango wa jiko, alisimama.

Devota alikuwa chini, anatikisika. Chungu kilikuwa kimepinduka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa katikati ya mafiga, juu ya makaa. Apolonia aliona yote hayo, na bado miguu yake iligoma. Waganga wote watatu walikubaliana kwa jambo moja. Walisema anayegusa povu la mtu wa kifafa, naye ataanguka. Apolonia alikuwa na watoto wengine wadogo. Nani atawalea?

"Mtoe motoni!" Sauti ilitoka nyuma yake. "Mama Devota, mvute mtoto!"

Alikuwa Marsiana, jirani yao. Marsiana alikuwa mhudumu wa afya wa jamii pale kijijini. Alipita nyumba kwa nyumba kuwashauri wajawazito, kukagua vyandarua, na kuwaelekeza wagonjwa kituo cha afya. Siku hiyo alikuwa amekuja kwa habari ya vyandarua.

Ile sauti ilimzindua Apolonia. Alishika miguu ya mwanawe akavuta kwa nguvu zake zote. Marsiana aliingia, akavingirisha khanga yake, akaiweka chini ya kichwa cha Devota. Alisukuma kando chungu na kuni.

Polikarpo naye alifika anahema, kijiko mkononi. "Tumpanue meno! Atameza ulimi!"

"Weka kijiko chini, baba Devota," alisema Marsiana. "Ulimi haumezeki. Utamvunja meno, au utamkaba. Na usimbane mikono. Mwache atikisike, sisi tumlinde tu asijigonge."

Walingoja. Kungoja huko kulimchoma Apolonia kuliko kufanya kazi yoyote. Kidogo kidogo mwili wa Devota ulilegea. Marsiana alimgeuza, akamlaza ubavu, ili mate na povu vitoke nje visimpalie. Kwa ncha ya khanga alimfuta mdomo.

Apolonia aliuangalia mkono wa Marsiana uliokuwa umelowa mate. "Wewe huogopi?"

"Naogopa moto, mama Devota. Povu ni mate tu."

Kisha waliuangalia mkono wa Devota ulioungua. Ngozi ilikuwa imechubuka na kuiva kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Polikarpo alikimbilia dawa ya meno.

"Hapana," Marsiana alisema. "Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Lete maji safi ya baridi tumwagie taratibu, kwa muda mrefu. Halafu tufunike kwa kitambaa safi, twende kituo cha afya."

"Tutasema nini huko?" Apolonia aliuliza kwa sauti ndogo.

Marsiana alimtazama. "Kwa hiyo ndiyo maana unaita kutwa nzima," alisema. "Miaka yote hii tunaishi jirani!"

Kituo cha afya kiliusafisha mkono, kikampa Devota dawa ya maumivu, kisha kikaandika rufaa kwenda hospitali kubwa ya Ifakara. Gari lilipita daraja la Kivukoni, mto ukiwa chini yao, lakini Apolonia hakuutazama. Alikuwa anatunga maneno ya kumwambia daktari.

Hospitali ile haikujengwa kwa ajili ya kutafuta faida. Ni ya Kanisa, na inafanya kazi pamoja na serikali. Inapokea wagonjwa kutoka bonde zima la Kilombero, na kutoka Ulanga na Malinyi, wa dini zote na wasio na dini. Kuna wodi za wazazi, za watoto, za upasuaji. Kuna maabara, kuna vipimo vya picha. Apolonia aliwahi kufika huko mara moja tu, kumwona dada yake aliyejifungua.

Daktari aliyempokea Devota alikuwa mwanamke kijana, mpole. Aliufungua mkono, akauliza, "Ilikuwaje akaungua hivi?"

"Aliteleza," Apolonia alijibu haraka.

Daktari aliuangalia mkono. Aliona na kovu la zamani shavuni, na chale za kichwani. Alivuta kiti akakaa mbele ya Devota.

"Uliteleza, mdogo wangu?"

Devota alimtazama mama yake. Kisha alimtazama daktari.

"Nina kifafa," alisema. "Naanguka tangu nikiwa darasa la tano."

Apolonia aliinamisha uso. Alingoja daktari asogee nyuma. Daktari hakusogea. Aliendelea kuufunga mkono.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Mkono tutautibu hapa wodini. Na hicho kifafa nacho kina kliniki yake hapa hapa. Mama, hukuwahi kumleta?"

"Sikujua ni ugonjwa wa hospitali," Apolonia alijibu. Safari hii alisema kweli.

Mkono ulipoanza kukauka, walipelekwa kwenye kliniki ya kifafa. Mlangoni Apolonia alitaka kurudi. Alikuwa amezoea kudhani kwamba Devota yuko peke yake duniani. Sasa aliona mabenchi yamejaa. Kulikuwa na mzee mwenye rozari shingoni. Kulikuwa na kijana amevaa sare ya shule. Kulikuwa na mama ananyonyesha, na mgonjwa alikuwa ni yeye mwenyewe, si mtoto. Watu walikuwa wanazungumza habari za mvua na mbolea kama watu wowote.

Muuguzi wa kliniki aliitwa Fulgensi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Aliuliza maswali mengi. Kuanguka kulianzaje? Kunachukua muda gani? Kuna dalili yoyote kabla? Utotoni aliwahi kuugua sana?

"Aliugua malaria kali akiwa mdogo," Apolonia alisema. "Alipoteza fahamu. Tulijua amekufa."

"Huenda ndiyo chanzo," Fulgensi alisema. "Sikiliza, mama. Ubongo wetu unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo. Mtu mwenye kifafa, mara nyingine umeme huo unavurugika ghafla. Ndipo anaanguka na kutikisika. Kwa wengine chanzo ni malaria ya utotoni. Kwa wengine ni kuumia kichwa, au shida wakati wa kuzaliwa. Kuna minyoo ya nguruwe inayoweza kufika kwenye ubongo. Kule milimani Mahenge kuna ugonjwa wa usubi, unaoletwa na wadudu wadogo wanaouma kando ya mito, nao unahusishwa na kifafa. Na wapo wengi ambao chanzo hatukijui. Lakini hakuna hata mmoja aliyekipata kwa kugusa povu. Kifafa hakiambukizi."

Vidole vya Apolonia vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la khanga.

"Mimi nilisimama mlangoni," alisema mwishowe. "Mkono wake uko motoni, nami nimesimama."

Devota hakuwa akilijua jambo hilo. Aligeuka, akamwangalia mama yake. Kisha akaweka mkono wake mzima juu ya mkono wa mama.

Fulgensi aliweka kalamu chini. "Wengi wanasimama, mama. Kwa sababu ndivyo walivyoambiwa. Sasa umeambiwa vingine."

Alimpa Devota vidonge. Alimwonyesha jinsi ya kuvimeza, kila siku, saa ile ile. "Mwanzoni unaweza kusikia usingizi. Ukiona vipele mwilini, au jambo lolote usilolielewa, njoo upesi, usingoje tarehe. Lala vya kutosha. Pombe usinywe. Na siku ukiolewa, ukitaka kupata mtoto, tuambie mapema, tuangalie dawa inayokufaa."

"Naweza kuzaa?" Devota aliuliza.

"Yule mama uliyemwona pale nje ananyonyesha, huyo ni mtoto wake wa pili."

Polikarpo alikuwa amekaa kando, kofia magotini. "Na siku akianguka tena?"

"Mlazeni mahali salama, wekeni kitu laini chini ya kichwa, msimtie chochote mdomoni. Akitulia, mlazeni ubavu. Msimpe chakula wala maji hadi azinduke kabisa. Lakini kutikisika kukizidi dakika tano, au kukianza tena kabla hajapata fahamu, hiyo ni hatari kubwa. Msingoje. Kimbieni hospitali."

Walirudi Lupiro. Devota alimeza dawa kila siku baada ya chakula cha jioni. Wiki ya kwanza alikuwa mzito, analala hadi jua linachomoza. Kisha mwili ulizoea. Mwezi ukapita, hakuanguka. Mwezi mwingine ukapita. Alianguka mara moja tu, kidogo. Fulgensi akaongeza dozi. Baada ya hapo, hakuna.

Apolonia hakuamini. Bado aliita. Bado sikio lake lilikuwa jikoni hata alipokuwa kanisani. Sufuria ikianguka kwa jirani, yeye moyo unaruka. Hofu ya miaka mingi haiondoki kwa vidonge vya mtu mwingine.

Mvua zilikuja, mpunga ukakua. Ulipoanza kutoa masuke, familia yote ilihamia bondeni kuamia ndege, kama wafanyavyo wakulima wengi wa kule. Walikaa kwenye kibanda cha nyasi katikati ya mashamba. Kutwa walipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, maana ndege wakipewa nafasi hawaachi hata punje. Tarehe ya kliniki ilifika wakiwa huko. Vidonge vilikuwa vinakaribia kwisha.

"Kesho nimpeleke Ifakara," Apolonia alisema.

Polikarpo alitazama mpunga, kisha akatazama wingu la ndege. "Nani ataamia upande wako? Mtoto mwenyewe amepona. Tangu lini hajaanguka? Mtu aliyepona anakunywa dawa za nini?"

Apolonia alitaka kubisha. Lakini naye alikuwa amechoka, na neno lile "amepona" lilikuwa tamu masikioni. Alitamani liwe kweli.

"Basi tungoje tuvune," alisema.

Devota alisikia. "Mama, muuguzi alisema kila siku."

"Ni siku chache tu, mwanangu. Tukivuna tutakwenda."

Vidonge vikaisha. Siku ya kwanza haikutokea kitu, na ya pili hivyo hivyo. Apolonia alihesabu hilo kuwa ushahidi, ingawa usingizi ulikuwa umemtoka na alizungukazunguka kibanda bila kujua anatafuta nini.

Siku iliyofuata, kabla ya saa sita mchana, Devota alikuwa juu ya kichuguu anapiga debe. Debe likanyamaza.

Apolonia alikimbia katikati ya mpunga, maji yakimrukia hadi kifuani. Safari hii hakusimama. Alimvuta binti yake kutoka kwenye maji ya jaruba, akamlaza pakavu, akaweka khanga chini ya kichwa chake. Hakumtia kitu mdomoni. Hakumbana. Alimfuta povu kwa kiganja chake, akangoja atulie.

Alitulia. Apolonia akamlaza ubavu, akashusha pumzi. Kabla pumzi haijatoka yote, mwili ule ukakakamaa tena. Devota hakuwa amefumbua macho. Alianza upya, kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Baba Devota!" Apolonia alipiga yowe. "Kimeanza tena, na hajazinduka! Tafuta usafiri!"

Kutoka pale hadi barabarani ni mbali, na njia ilikuwa tope tupu. Pikipiki isingepita, na mgonjwa yule asingeweza kukaa juu yake. Polikarpo alikimbia hadi shamba la pili, kwa Hermenegildi, mwenye pawatila, lile trekta dogo la mkono lenye tela. Hermenegildi alitupa magunia yote chini bila kuuliza neno. Walitandika nyasi kwenye tela, wakamlaza Devota ubavu. Apolonia alikaa nyuma yake, akamzuia kwa mwili wake asiviringike.

Pawatila inakwenda, lakini haikimbii. Ilikwama topeni, ikatoka, ikakwama tena. Polikarpo alikuwa anasukuma huku analia waziwazi, bila kujificha. Apolonia hakulia. Alikuwa anazungumza na Devota, maneno yasiyo na mpangilio. Alimwambia habari za mpunga, za wadogo zake, za ukili aliouacha nusu. Midomo ya Devota ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Kituo cha afya cha Lupiro kilimpa hewa na kumchoma sindano ya kuzuia degedege. Kutikisika kukapungua, lakini hakukuisha. Gari la wagonjwa likaitwa. Njia nzima hadi Ifakara Apolonia alishika mguu wa mwanawe, maana ndipo alipopata nafasi ya kushika.

Hospitalini walikuwa wameshapigiwa simu. Mlango wa dharura ulikuwa wazi na watu walikuwa wanangoja. Walimwekea Devota dripu na hewa ya oksijeni, wakamchoma sindano nyingine, wakampima sukari na malaria. Apolonia na Polikarpo waliambiwa wangoje nje.

Apolonia hakuweza kukaa. Alikwenda hadi kwenye bomba la maji, akarudi. Akaenda tena.

"Kaa, mama Devota," Polikarpo alisema.

"Nikae vipi?"

"Ni mimi niliyesema amepona."

"Nami niliitikia," Apolonia alisema. Akaendelea kutembea.

Jua lilikuwa linashuka daktari alipotoka. "Ametulia," alisema. "Bado amelala. Mlimleta amelala ubavu, hamkumtia kitu mdomoni, na hamkungoja. Hilo limemsaidia sana. Mngechelewa zaidi, leo tungezungumza mengine."

Kesho yake asubuhi Devota alifumbua macho. Alizungusha ulimi uliovimba, akauliza kwa shida, "Ndege wamekula mpunga?"

Polikarpo alitoka nje ya wodi. Alikaa huko muda mrefu.

Mchana Fulgensi alikuja kuwaona. Apolonia alidhani atafoka. Hakufoka. Alimuuliza Polikarpo, "Baba, shamba lako lina matuta ya kuzuia maji?"

"Lina matuta, ndiyo."

"Maji yakituama vizuri ndani ya jaruba, unabomoa tuta kwa kuwa maji yametulia?"

"Hapana. Nikibomoa, yanatoka yote."

"Dawa ya kifafa ni hivyo hivyo. Haifanyi kazi kama dawa ya malaria, unakunywa siku chache ukamaliza. Inazuia. Devota hakuanguka kwa sababu dawa ilikuwa inazuia. Mlipoikata ghafla, mlibomoa tuta. Ndiyo maana kifafa kilirudi kwa nguvu kuliko zamani."

"Ataimeza maisha yake yote?" Polikarpo aliuliza.

"Labda, labda siyo. Wapo wanaokaa miaka kadhaa bila kuanguka, ndipo daktari anaipunguza pole pole. Lakini anapunguza daktari. Siyo baba, siyo mama, wala siyo mgonjwa mwenyewe. Na msimu wa shamba ukikaribia, njooni mapema kabla hamjahama. Mtapewa dawa za kutosha muda wenu wa bondeni. Mkikwama, pigeni simu au mwambieni mhudumu wenu wa afya. Msinyamaze."

Waliporudi nyumbani, Polikarpo alianza kazi bila kuambiwa. Alichanganya udongo na majani makavu, akajenga jiko la juu lenye ukuta pande zote, ili mtu akianguka asianguke juu ya moto. Alitengeneza bafu karibu na nyumba, Devota asiende mtoni peke yake. Apolonia aliwakusanya watoto wadogo na kuwafundisha kumlaza dada yao ubavu. Walifanya mazoezi uwanjani, Devota akijifanya ameanguka, wote wakicheka. Apolonia pia alicheka, lakini hakumwondolea Devota macho.

Mwaka ukazunguka. Devota hakuanguka tena. Alijiunga na mafunzo ya ushonaji parokiani. Fundi wake aliambiwa ukweli tangu siku ya kwanza. Kisha siku moja kabla ya kliniki, Devota alisema, "Mama, kesho nitakwenda Ifakara mwenyewe."

"Peke yako?"

"Muuguzi amesema naweza. Nimeshauliza."

Apolonia alitafuta sababu ya kukataa. Zilikuwa nyingi, ila hakuna iliyomfaa kuitamka. "Utarudi na gari la mchana," alisema.

"Nitarudi na gari la mchana."

Siku hiyo Apolonia alifagia uwanja mara mbili. Aliosha vyombo visafi. Gari la mchana lilipita, likashusha watu. Devota hakuwemo. Apolonia alipiga simu, haikupatikana. Alitembea hadi barabarani, akarudi kuvaa viatu, akatembea tena. Marsiana alimkuta njiani akamshika mkono, wakasimama wote wawili wakitazama barabara.

Gari lililofuata lilisimama. Devota alishuka, mfuko wa dawa mkononi, gauni lina vumbi magotini.

"Ulianguka!" Apolonia alisema.

"Sikuanguka, mama. Shikamoo. Shikamoo, mama Marsiana. Samahani, simu iliisha chaji." Alipangusa magoti. "Pale stendi ya Ifakara kuna mtoto wa kike alianguka. Watu wote wakakimbia. Mama yake akabaki amesimama tu, kama mti. Nikapiga magoti, nikamlaza ubavu. Watu wakapiga kelele, 'Binti, usimguse, utaambukizwa!' Nikawaambia hakiambukizi."

"Wakakuamini?"

"Hawakuamini. Ndipo nikawaambia, mimi mwenyewe ninacho. Nikawaonyesha mkono wangu huu."

Apolonia alihisi damu inampanda usoni. "Ulisema mbele za watu? Stendi? Kuna watu wa Lupiro pale!"

"Walikuwepo, mama. Nilimwona hata mama mwenye duka la mbolea." Devota alisema hivyo bila kupunguza sauti. "Yule mama wa mtoto aliniuliza naishi wapi. Nikamwelekeza."

Usiku Apolonia alijigeuza kitandani. Lupiro nzima sasa inajua. Miaka yote ya kusema "kichwa kinamuuma" imekwisha kwa neno moja la stendi. Alingoja aibu imjie. Aliingoja hadi usingizi ukamchukua, haikuja.

Jumamosi iliyofuata, mwanamke mmoja aliingia uwanjani kwa kupitia nyuma, kwenye migomba. Alikuwa kijana, amechoka, viatu vimejaa tope. Mgongoni alibeba mtoto mkubwa mkubwa, amemfunika khanga hadi kichwani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeiba.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama. Ndipo kwa mama Devota?"

"Marahaba, mwanangu. Ndipo."

"Naitwa Herieth. Binti yako aliniambia nije. Nimekuja kwa siri, mume wangu hajui. Tafadhali tuingie ndani, watu wasituone."

Apolonia alimtazama. Macho yale aliyafahamu vizuri. Hayajalala, na kila mara yanageuka nyuma kuhakikisha mtoto yupo. Alichukua mkeka mpya uliosukwa na Devota, akautandika pale pale uwanjani, mahali pa wazi, barabara ikiwa mbele yao. Akamsaidia Herieth kumshusha mtoto.

"Mfunue apate hewa," alisema. "Anaitwa nani? Alianza kuanguka lini?"

Herieth alisitasita, kisha akaifunua khanga. Mtoto alipepesa macho kwenye mwanga. Mpita njia mmoja aliwasalimia kutoka barabarani, na Apolonia akaitikia kwa sauti, "Karibu! Tuna wageni." Kisha akamgeukia Herieth. "Kula kwanza, mwanangu. Jumatatu tunakwenda wote Ifakara."